Inua mdomo uangalie: kutunza meno ya mbwa na paka

Kuna sentensi ninayoisikia kliniki kila mara: "Dada, mbwa mzima kabisa, anakula, anacheza, ila mdomo tu ndio unanuka." Inasemwa kwa tabasamu, kana kwamba mdomo wa mbwa umeumbwa unuke. Mimi si daktari. Ni msaidizi wa daktari wa wanyama, na kazi yangu kubwa ni kushika vichwa wakati daktari anapima, kwa hiyo pumzi hiyo hunipiga mimi usoni kabla ya mtu mwingine yeyote. Basi nianzie hapo hapo: kinywa chenye afya hakinuki. Kinaweza kubaki na harufu ya chakula kilicholiwa sasa hivi, na hiyo hupotea. Ule uvundo unaokufanya ugeuze shingo anapokulamba ni kazi ya bakteria waliojipanga kwenye ukingo wa fizi, na wakinuka kiasi hicho ujue si wageni wa jana.

Sehemu kubwa ya matunzo unaifanya mwenyewe nyumbani, na vifaa vyake ni vichache. Kinachotakiwa hasa ni mnyama anayekubali kuinuliwa mdomo. Nitalirudia hilo hadi unichoke, maana watu hununua mswaki kabla ya kumzoesha mnyama, mswaki unaishia kabatini, na mbwa anajifunza kukimbilia chini ya kitanda kila akiliona bomba la dawa ya meno.

Tazama kabla ya kusafisha

Usimkabili uso kwa uso. Wengi huona kama unawatisha. Kaa ubavuni pake, wote wawili mkielekea upande mmoja. Mkono mmoja uwe chini ya kidevu, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine usukume mdomo wa juu uende juu na nyuma, kuelekea sikio. Usimpanue taya. Karibu meno yote unayotaka kuyaona yanaonekana akiwa amefumba kinywa, na mnyama aliyefumba kinywa hana sababu ya kupigana nawe.

Kitu cha kwanza ni ule mstari jino linapoingia kwenye fizi. Fizi nzuri ina rangi ya waridi, imelala bapa juu ya jino, na ukingo wake ni mwembamba. (Wapo wenye fizi nyeusi au zenye mabaka tangu kuzaliwa. Hiyo ni rangi yao tu.) Ukiona uzi mwekundu umepita kando ya meno, huo ni uvimbe unaoanza, na katika hatua hiyo unatibika: utando wa bakteria ulioshika meno ukiondolewa, fizi inapona kabisa. Fizi iliyokwisha kurudi nyuma hadi mzizi ukaonekana hairudi tena mahali pake.

Halafu nenda nyuma. Kwa mbwa, taya la juu, pita chonge na yale madogo yanayofuata, hadi ufike kwenye jino kubwa kuliko yote ya upande huo. Hilo ndilo jino lake la kukatia nyama. Lina mizizi mitatu, na jirani yake kuna tundu la mfereji wa mate. Madini yaliyomo kwenye mate ndiyo yanayougandisha utando ukawa ukoga, ndiyo maana ukoga huanzia hapo. Mtu anainua mdomo kwa mbele, anaziona chonge nyeupe, anaridhika. Kumbe huko nyuma jino limevaa ganda la kahawia mpaka umbo lake halijulikani. Ukiwa na nafasi ya kuangalia jino moja tu, angalia hilo, kulia na kushoto. Na mbwa akitokewa na uvimbe chini ya jicho, usikimbilie kufikiria jicho. Mizizi ya jino hilo inaishia eneo hilo, na usaha wake hujitokeza papo hapo.

Mbwa mzima ana meno 42: 20 juu, 22 chini. Paka ana 30: 16 juu, 14 chini. Si lazima uhesabu kila siku, lakini hesabu mara moja ujue wa kwako ana mangapi. Pengo halimaanishi lazima kwamba jino lilitoka lote. Huenda limekatika na mzizi umebaki ndani, au halikuota kabisa na bado limelala chini ya fizi, jambo linaloweza kujenga mfuko wa maji ndani ya mfupa. Pengo usilojua chanzo chake ni la kupigwa eksirei.

Mimi huwaambia watu wapige picha kwa simu, pande zote mbili, kwenye mwanga wa dirishani, mara moja kwa mwezi. Macho huzoea. Ukoga unaoongezeka kidogo kidogo huuoni, lakini picha ya miezi minne iliyopita ukiiweka karibu na ya leo, mabadiliko yanajionyesha yenyewe.

Sasa hili la "anakula vizuri". Halina uzito wowote. Nimeshika wanyama wenye meno yanayocheza kwa kuguswa na kidole, na asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamemaliza bakuli. Mbwa na paka huendelea kula huku wanaumia. Angalia namna anavyokula. Je, anatafunia upande mmoja? Anameza punje nzima nzima? Anadondosha chakula kisha anakiokota tena? Kichezeo chake kina damu? Mchezo wa kuvutana kamba aliokuwa akiupenda ameuacha? Paka ana yake: anakwenda kwenye bakuli kwa njaa ya kweli, anatia mdomo, ghafla anaruka nyuma, wakati mwingine analitolea bakuli ule mlio wa kutishia adui. Au anaacha kujilamba, manyoya yanafanya mafundo, na mwenyewe anadhani ni uzee.

Mwenye dalili hizi usimwanzishie mswaki. Mpeleke kwanza akatibiwe. Mswaki juu ya kinywa kinachouma unamfundisha jambo moja tu, kwamba mkono wako unaumiza.

Kwa nini kila siku

Jino likishasafishwa, ndani ya saa chache utando mpya wa bakteria unaanza kulifunika. Ni laini, huuoni, na hata kitambaa kinaweza kuufuta. Ukiachwa siku mbili tatu, unaanza kuganda kuwa ukoga, na ukoga hautoki kwa mswaki hata usugue hadi bega likuume. Kwa hiyo anayepiga mswaki Jumapili kwa Jumapili anasugua juu ya jiwe. Mara tatu kwa wiki ndicho kiwango cha chini chenye maana, na kila siku ndiyo inayotakiwa. Dakika moja ya kila jioni inashinda robo saa ya mwisho wa wiki.

Ukoga unaouona sio unaong'oa meno. Ubaya wake ni kwamba si laini, unakwaruza, na utando mpya hushikilia hapo kwa urahisi. Vita yenyewe iko chini ya fizi: bakteria wanashuka, mwili unawapiga, na katika kupigana huko fizi inaachana na jino, panafanyika mfuko, mfupa unaoshikilia mzizi unaliwa, jino linaanza kucheza. Mbwa wadogo kama Chihuahua na Yorkshire Terrier ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu meno yao ni makubwa kuliko taya walilojaliwa. Mfupa uliobaki chini ya magego ya chini ni mwembamba, na ukishaliwa na ugonjwa, taya linaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Wenye nyuso bapa, Pug na Bulldog, na paka wa Persia, wana shida ya msongamano: meno yamepandana na kuegemeana, na uchafu unapata vichochoro.

Matundu ya meno yanayotuhangaisha sisi kwa mbwa ni nadra. Mate yao yana ualkali (kinyume cha tindikali) zaidi kuliko yetu, hali inayopunguza matundu lakini inayoharakisha ukoga. Paka hapati matundu ya aina yetu. Ana balaa lake jingine, tutalifikia.

Kumzoesha mswaki

Kwanza dawa. Tumia ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, yenye ladha ya kuku au nyama, ambayo haina shida ikimezwa. Ya kwako iache kabisa. Sisi hutema na kusukutua, mbwa hawezi. Atameza floraidi na sabuni ya povu kila siku. Baya zaidi, baadhi ya dawa za meno za binadamu zina zailitoli, sukari mbadala ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini hadi kifo. Hiyo hiyo imo katika jojo nyingi zinazouzwa kuwa hazina sukari, kwa hiyo na mkoba wako usiuache wazi. Magadi na chumvi vina sodiamu nyingi mno kwa mnyama anayemeza kila kitu. Unga wa mkaa unakwaruza, na enameli ya mbwa, ganda gumu la nje la jino, haifiki unene wa milimita moja; ya paka ni nyembamba zaidi. Ndimu ni tindikali. Huna dawa ya wanyama? Lowesha mswaki kwa maji. Kinachosafisha ni kule kusugua, na dawa kazi yake kubwa ni kumbembeleza.

Mswaki uwe na nyuzi laini kabisa na kichwa kidogo. Ule wa watoto wachanga unafaa mbwa wengi. Kile kifuko cha mpira cha kuvalisha kidole sikipendi. Ni kinene, hakifiki nyuma, vipele vyake haviingii kwenye ukingo wa fizi, na kinakuwekea kidole katikati ya magego.

Mafunzo yaende kwa mwendo wa mnyama. Siku za mwanzo ni kumpapasa shavu na kumpa zawadi, basi. Akizoea, mdomo uinuliwe kufumba na kufumbua, zawadi. Halafu dawa kidogo kwenye kidole, ailambe. Kisha kidole kilichoviringishiwa kitambaa chepesi cha pamba, kipite nje ya meno mara moja kutoka mbele kwenda nyuma, kitoke. Kisha mswaki wenye dawa, aulambe tu bila kusuguliwa. Mtoto wa mbwa anaweza kuyamaliza haya kwa siku chache. Mbwa mtu mzima aliyewahi kuumizwa kinywani anaweza kuchukua wiki kadhaa, na hapo hakuna cha kulaumu wala kulaumiwa.

Siku ya kusugua kweli, anzia kwenye chonge. Watu huanzia meno madogo ya mbele kwa kuwa ndiyo yako karibu, na hapo ndipo mbwa wengi wanapokataa, kwa sababu chini ya pua pana hisia kali. Kutoka chonge, telezesha mswaki ndani ya shavu kwenda nyuma, midomo ikiwa imefumba juu yake. Huoni unachofanya, unasikia kwa mkono. Nyuzi ziegemee fizi kwa mshazari wa digrii 45, nusu zikiwa juu ya jino na nusu juu ya ukingo wa fizi, kisha vizunguko vidogo vyepesi. Ukifika kwenye lile jino kubwa, tulia hapo kuliko kwingine. Upande wa ndani, unaoelekea ulimi, uache. Ulimi wenyewe unasaidia sana huko, na kuutafuta ni kumpanua kinywa bure. Muda ukiwa mfupi, fanya ya juu, ya chini yasubiri.

Mbwa wangu, Sultani, ana namna yake ya kusema yatosha: anajilamba pua haraka mara mbili, halafu anaangalia pembeni bila kugeuza kichwa, hadi unaona weupe wa jicho. Wa kwako atakuwa na yake. Isome, na uache kabla haijafika kwenye kuvuta kichwa. Akiachwa bado ana hamu, kesho atakuja mwenyewe. Akikandamizwa mpaka mwisho, umepata usafi wa leo na umeuza wa mwaka mzima. Na zawadi mpe baada ya kumaliza, ndiyo, juu ya meno yaliyosafishwa. Wapo wanaoniambia huko ni kuchafua upya. Chembe ya chakula haina madhara ya kulinganishwa na mbwa anayekimbia.

Damu kidogo kwenye nyuzi siku za kwanza inatoka kwenye fizi iliyovimba, na kwa kawaida hupungua kadiri unavyoendelea kwa wepesi. Ikifika wiki mbili bado inatoka, aonwe na daktari.

Paka ni habari nyingine. Wangu, Kanjanja, mswaki aliukataa na nikaheshimu. Kinachokubalika kwake ni kijiti chenye pamba kilicholoweshwa maji ya samaki wa kopo asiye na chumvi. Nasubiri apande juu ya mashine ya kufulia, mahali anapopenda kulala, nasimama nyuma yake, kifua changu kikigusa mgongo wake, kiganja cha kushoto kinafunika utosi na kidole gumba kinavuta kona ya mdomo. Kijiti kinapita juu ya ukingo wa fizi kutoka chonge kwenda nyuma, kinarudi, kinatoka. Ni kama pumzi mbili. Namwachia. Akibaki, tunafanya upande wa pili. Akiondoka, upande huo ni wa kesho. Paka hazuiliwi kwa nguvu katika jambo unalotaka kulifanya tena.

Vya kutafuna

Hapa ndipo penye maduka mengi na ukweli mchache. Kanuni ninayoiamini ni ya ukucha: kibonyeze kitu hicho kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu kuliko jino linavyostahimili. Madaktari wengine hutumia goti: kama hungependa kupigwa nacho kwenye kikombe cha goti, usimpe. Kwa vipimo hivyo mifupa mikubwa inaanguka, pembe zinaanguka, kwato, nailoni ngumu, hata vipande vya barafu. Mbwa anapoguguna kitu kigumu hutumia lile lile jino kubwa la juu, nalo hupasuka bamba zima la upande wa nje, wakati mwingine hadi chini ya fizi. Mifupa iliyopikwa ina hatari ya ziada, kwani hukatika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Nitajibiwa kwamba mbwa mwitu wanakula mifupa. Wanakula, na mafuvu ya wala nyama wa porini hukutwa na meno yaliyovunjika. Hakuna aliyewapiga eksirei tu.

Mpira wa tenisi hauvunji jino, ila kitambaa chake hushika mchanga, na kwa mbwa anayeutafuna kutwa unafanya kazi ya msasa. Kuurusha na kuurudisha ni sawa. Kuutafuna muondolee.

Chakula kikavu cha kawaida hakisafishi meno kama tunavyoambiana. Punje inapasuka mara ncha ya jino inapoigusa, na ukingo wa fizi haujaguswa. Kuna vyakula maalumu vya meno ambavyo punje zake ni kubwa na zimeshikamana kwa nyuzi, jino linazama ndani kabla punje haijapasuka. Hivyo vina maana. Njia rahisi ya kutenganisha bidhaa za kweli na maneno ya kwenye pakiti ni alama ya VOHC, Veterinary Oral Health Council, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Baraza hilo hupitia matokeo ya majaribio ya bidhaa kwa mbwa au paka, na zinazoonyesha kupunguza utando au ukoga hupewa muhuri. Orodha yao iko wazi mtandaoni, ina vitafunwa, vyakula, dawa za kuchanganya kwenye maji na hata miswaki. Vyote ni vya kusaidia mswaki. Dawa ya kusukutua ya binadamu usiiguse. Ile ya wanyama yenye klorheksidini, kiua bakteria, itumie daktari akikuelekeza.

Jino likivunjika, lichunguze katikati. Kitone chekundu au cheusi maana yake neva iko wazi, na bakteria wana njia ya moja kwa moja hadi kwenye mzizi. Usisubiri kuona kama ataacha kula, hataacha. Akipelekwa ndani ya siku moja au mbili, hasa akiwa bado mdogo, daktari anaweza kuliokoa jino likiwa hai. Baada ya hapo ni kutibu mzizi au kung'oa. Jino lililobadilika likawa la waridi au zambarau bila kuvunjika nalo mara nyingi limekufa ndani.

Balaa la paka

Kwa paka kuna ugonjwa ambao chembe za mwili wake mwenyewe hulila jino, likimomonyoka kuanzia kwenye mzizi au shingoni, penye fizi. Kwa macho unaona kama fizi imepanda juu ya jino, au kidoa chekundu pale ambapo pangekuwa peupe. Hupenda kuanzia jino la kwanza nyuma ya chonge kwenye taya la chini. Daktari akigusa hapo, taya hutetemeka lenyewe, na nimeliona likitetemeka hata paka akiwa amelala kwa nusukaputi, kiasi hicho cha maumivu. Mswaki hauuzuii na kuziba hakusaidii. Eksirei ndiyo inayoamua kama jino ling'olewe lote au likatwe sehemu ya juu tu.

Ugonjwa wa pili ni uvimbe mkali wa kinywa kizima: koo kwa nyuma, pale taya zinapokutana, panakuwa pekundu na laini, panatoka damu kwa kuguswa, paka anadondosha mate na kukonda. Tiba inayosaidia wengi ni kung'oa meno yote ya nyuma, au yote kabisa. Wenye paka hushtuka wakisikia hivyo. Lakini paka asiye na meno na asiye na maumivu anakula, na wengi wao hula hata chakula kikavu.

Wakiwa wadogo

Mtoto wa mbwa ana meno ya utotoni 28, wa paka 26. Huanza kudondoka kati ya miezi mitatu na minne, na kufikia mwezi wa sita au wa saba ya ukubwani yanakuwa yameota. Mengi humezwa, hutayaona. Sheria ya kukumbuka ni kwamba meno mawili ya aina moja hayakai nafasi moja. Ukiona chonge mbili sambamba, ya utotoni imegoma kutoka, na ing'olewe mapema kabla haijaipotosha ile mpya. Hutokea sana kwa mbwa wadogo. Kipindi hiki fizi zinawasha na michezo ya kuvutana iwe ya upole, lakini kuinua mdomo endelea nako kila siku. Hakuna umri mwepesi kuliko huu.

Kusafishwa kliniki

Ukoga ukishaganda, ni kazi ya kliniki, chini ya nusukaputi. Wapo wanaojitangaza kukwangua meno mnyama akiwa macho. Wanachoondoa ni kile kinachoonekana, jino linang'aa, mwenye mbwa anafurahi, na chini ya fizi ugonjwa uko pale pale. Chuma kimeacha mikwaruzo kwenye enameli, na mnyama amebanwa kwa maumivu. Mbwa aliyetoka huko nikimshika namjua: ukinyoosha mkono tu, anafunga macho.

Usafishaji wa kweli una hatua zake. Damu hupimwa kabla, kuona figo na ini kama zitahimili dawa. Mnyama hulazwa, hutiwa mpira kwenye koromeo wenye kifuko kinachoziba pembeni ili maji na uchafu visiingie mapafuni. Meno hupigwa eksirei, kwa sababu mzizi hauonekani kwa macho. Kisha daktari anapitisha kijiti cha kupimia kuzunguka kila jino, kuona nafasi kati ya fizi na jino imeshuka kiasi gani: kwa mbwa kina cha hadi milimita 3 ni cha kawaida, kwa paka hata milimita 1 ndio mwisho. Ukoga unaondolewa juu na chini ya fizi, halafu meno yanasuguliwa yawe laini. Hatua hii ya mwisho usikubali irukwe, maana jino lililokwanguliwa bila kulainishwa hushika utando haraka kuliko mwanzo.

Kabla ya kukubali, uliza mambo matatu: eksirei itapigwa? Nani atakuwa anaangalia mapigo na pumzi muda wote, mbali na anayesafisha? Likipatikana jino la kung'oa, nitapigiwa simu kwanza? Kliniki nzuri haikasiriki kwa maswali haya. Na usikatae nusukaputi kwa sababu ya umri peke yake. Wazee hupimwa zaidi na kuandaliwa zaidi, lakini nao wanaumwa meno.

Dawa za maumivu za nyumbani weka mbali. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, na ibuprofeni ni hatari kwa mbwa na paka wote. Mpe alichoandikiwa tu.

Aliyeng'olewa jino hula chakula laini kwa siku kadhaa na havutani kamba. Nyuzi za kushonea huyeyuka zenyewe. Ukiona mate yenye wekundu hafifu kidevuni siku ya kwanza, usishtuke. Damu inayotiririka au shavu linalozidi kuvimba ndilo la kurudisha kliniki. Mswaki usubiri daktari aangalie kidonda, mara nyingi baada ya wiki mbili. Akikuruhusu, anza upande ambao haukuguswa, kisha upande wenye kidonda urudie hatua zote tangu mwanzo: shavu, mdomo, kidole, kitambaa, na mswaki ukiwa wa mwisho.